Nani Anapasha Boila la Tatu?

Jumatano, 14 Septemba 1916

— Mimi, afande? Mimi nilikuwa nafua suruali!

Ndivyo nilivyomjibu Serahangi Kosmas asubuhi, mbele ya watu wote, mkate bado mdomoni. Alichouliza: nani alikuwa kwenye chumba cha boila jana jioni? Maana dohani ya tatu ilitoa moshi. Kidogo tu, kama mtu anayevuta sigara kwa kujificha. Lakini amri ya Athene haina mchezo. Manowari zote za mbio zitulie hapa Keratsini, na kila meli iwashe boila moja tu, kwa ajili ya taa na pampu. Kwetu ni la kwanza. La tatu lilizimwa tangu Agosti.

"Ulikuwa unafua suruali," akasema. "Mbona uliyovaa imejaa masizi?"

"Hii ya kuazima, afande. Yangu ndiyo inakauka."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kosmas akicheka ujue kuna mtu kaanguka ngazi.

Kweli yenyewe — nilikuwa kwenye mashua nyuma ya meli, nawauzia vyuma mabaharia Wafaransa, ambao manowari zao zimetuzunguka bandarini. Nawaambia ni vipande vya kombora la Waturuki lililoipiga meli yetu hii, Sfika, yaani Nyigu, mwaka 1912, mdomoni mwa Dardaneli. Kombora lilipiga kweli, dohani ya tatu ina kiraka mpaka leo. Ila vipande naviokota kwa muuza vyuma chakavu kule Perama. Kama Waturuki wangetupiga kwa chuma chote nilichokwisha kuuza, meli ingekuwa chujio!

Kwa hiyo shahidi ninaye, lakini Mfaransa. Na siku hizi shahidi Mfaransa ni kesi ya pili.

Leo Siku ya Msalaba, tunafunga. Maharage bila tone la mafuta. Padri kaleta mrehani uliobarikiwa, kila mtu kachomeka kijiti sikioni. Tumekaa kama wachumba, na kila mchumba anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho.

Alhamisi, 15 Septemba

Sasa naelewa kwa nini Kosmas kapandisha mashetani kwa moshi kidogo. Mkreta, yule waziri mkuu aliyegombana na Mfalme, kaondoka Athene! Kachukuliwa na meli, watu wanasema yuko kwao Kreta, halafu Thesalonike. Anataka tuingie vitani upande wa Wafaransa na Waingereza. Mfalme hataki. Meli zetu kadhaa zimeshatoroka kumfuata. Kwa hiyo sasa boila likipata joto tu, maana yake kuna mtu anataka kutoroka na meli nzima.

Anayesaidia, mahakama ya jeshi.

Mezani tunakula tunapimana. Mtu akisema "nipe chumvi", mwenzake anafikiri chumvi hiyo ni ya upande gani. Watu wa Mfalme kule, watu wa Mkreta huku. Mimi ni mtu wa Marouso, mchumba wangu.

Siku ya Mtakatifu Dimitri, mwezi ujao, namaliza utumishi. Napewa cheti safi, naoa, naingia kwenye duka la kahawa la baba mkwe pale Tambouria. Mzee yule kaweka ukutani picha ya Mfalme kubwa kuliko Bikira Maria. Alishaniambia, "Linardos, sauti yako siipendi, utani wako siupendi, lakini cheti safi ni cheti safi." Bila cheti, Marouso anaolewa na muuza samaki mwenye meno manne.

Kwa hiyo boila la tatu sitaki kulijua.

Jumamosi, 17 Septemba

Nimelijua.

Nimetumwa kuchota majivu. Nikapita karibu na boila la tatu, nikaweka kiganja mlangoni. Basi tu, kama unavyompapasa paka. Joto! Nikafungua ufa kidogo. Ndani moto umelazwa — makaa mazima chini, juu blanketi la majivu na vumbi la makaa lililoloweshwa. Moto wa namna hiyo haufi wala hauwaki. Unasinzia. Ukiuamsha, baada ya saa moja una mvuke.

Sasa hapa ndipo penye shida. Sisi wachochea moto kila mtu na mkono wake wa kulaza moto. Mimi nasawazisha kama kitanda. Nikolis wa Kimi anaweka kilima katikati. Huu ulikuwa umesukumwa wote nyuma, na kona ya kushoto imeachwa wazi, upana wa ngumi, ipumue. Mtu mmoja tu kwenye meli hii analaza hivyo.

Kaka Anargyros.

Nilifunga mlango. Nikachota majivu yangu. Nikaimba hata.

Jumapili, 18 Septemba

Nimekaa naye leo kwenye jua, anashona soksi. Mtu wa Spetses, mikono kama makasia. Yeye ndiye aliyenifundisha koleo. Hadithi zote ninazowauzia Wafaransa ni zake, mimi nimeongeza damu tu. Alikuwa miongoni mwa waliokwenda Uingereza kuichukua Sfika ikiwa mpya, rangi bado inanata. Alikuwa chini siku ya kombora — dohani inavuja, moshi unarudi ndani, yeye anatupia makaa akiwa kajifunga shati bichi usoni. Baadaye walimbeba askofu kwenda Limnos, akatapikia bendera. Hiyo ni kweli, sikuiongeza.

Nikamzungukia taratibu. "Kaka, boila likikaa baridi muda mrefu linakuwaje?"

Sindano ikasimama. "Linaumwa. Mabomba yanalegea. Kwa nini?"

"Nimeuliza tu."

"Wewe huulizi tu hata siku moja, Linardos. Nani kakutuma?"

"Nitumwe na nani?"

"Kosmas. Au wale wateja wako wa kofia yenye kishada chekundu."

Kaka Anargyros! Ananishuku mimi! Na mimi namshuku yeye, tumekaa benchi moja tunatabasamu kama wakwe. Nikamwambia mimi si mtu wa yeyote. Akasema, "Ndiyo maana nakuogopa," akaendelea na soksi.

Jumanne, 20 Septemba

Nimeuza vizuri leo. Nimeuza vibaya leo. Sijui.

Marius, mpishi wa maofisa kwenye meli ya Wafaransa iliyo jirani, mtu wa Marseille, tumbo mbele. Kigiriki chake ni cha bandarini lakini kinatembea. Kaja na mashua, kanunua vipande viwili vya kombora na mbao moja ya "usukani wa zamani". Halafu maswali. Sfika inakwenda kasi gani? Ilikimbiaje mwaka ule? Inahitaji muda gani kupata mvuke?

Mimi na mdomo wangu! Nilikuwa kwenye biashara, moto umenipanda. Nikamwambia, "Nyigu huyu? Moto ukilazwa vizuri, saa moja tu uko nje ya ghuba!"

Akasema, "Saa moja! Vizuri sana." Kisha akauliza, "Kitanda chako kina kunguni?"

"Kwa nini? Unataka kuja kulala?"

Akacheka. "Tarehe kumi na moja Oktoba, rafiki. Mpaka hapo sisi majirani. Baada ya hapo labda mimi nalala kwako, na wewe unalala kwa mama yako."

Kasema huku anapima kwa macho dirisha la jiko letu. Sikupenda. Mtu anayetania hapimi dirisha.

Sawa. Tarehe kumi na moja Oktoba kuna kitu. Bado mbali. Lakini kabla ya Mtakatifu Dimitri! Meli ikichukuliwa, nani atasaini cheti changu? Marius?

Jumatano, 21 Septemba

Wafaransa wamefunga mashua ya ulinzi nyuma yetu. Nyuma yetu tu! Manowari nyingine hazina. Mzinga mdogo mbele, watu sita, wamekaa wanakula zabibu na kutuangalia.

Kosmas kasimama ukingoni, kawaangalia. Halafu kaniangalia mimi. Afadhali angepiga kelele.

"Saa moja tu." Ningeumeza ulimi kama ungeshuka.

Ijumaa, 23 Septemba

Maharage. Mvua. Luteni Mavrikis kashuka leo chumba cha boila, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Viatu vinang'aa, kitambaa puani. Kasema anakagua usafi. Hakukagua kitu. Kasimama mbele ya boila la tatu kama mtu anayesubiri lifunguliwe kutoka ndani.

Jumamosi, 24 Septemba

Wamemkamata kaka Anargyros.

Alfajiri, koleo mkononi, mlango wa boila la tatu wazi. Kosmas mwenyewe alikuwa kajificha nyuma ya magunia ya makaa, na kofia kavaa, eti ili kila kitu kiwe rasmi! Wamemfungia kwenye chumba cha minyororo ya nanga. Giza, unyevu, huwezi kunyoosha miguu. Jumatano wanampeleka ghala la jeshi kwa mahojiano.

Tukapangwa wote juu. Kosmas akauliza, "Nani alikupa amri?" Anargyros akasema, "Meli ilikuwa inaumwa." "Nani?" "Mabomba yanalegea, afande." Basi. Hakusema lingine. Akapigwa kofi, akasema tena mabomba yanalegea.

Luteni Mavrikis alikuwa pale. Anatazama kucha zake. Mwisho akauliza jambo moja, polepole: "Na boila lenyewe halikuharibika?"

Mtu wetu anavuja damu puani, bwana mkubwa anaulizia boila!

Baadaye Kosmas kanivuta pembeni. Mkono begani, kwa upole. Hapo ndipo nilipoogopa kabisa. "Linardos, yule hana akili ya kupanga. Kuna aliyempanga. Unalala jirani yake. Niletee jina, cheti chako kitasainiwa na wino utakauka siku hiyohiyo. Usiponiletea, nitaandika kwamba mlikuwa wawili."

"Afande, mimi usiku nakoroma tu."

"Basi koroma jina."

Jumapili, 25 Septemba

Nimempelekea kaka Anargyros mkate na dagaa wa chumvi. Kuna kitundu mlangoni, ngumi inapita.

"Nani alikutuma?" nikamnong'oneza. "Niambie, nimtafutie njia."

"Wewe hutafuti njia, unatafuta mnunuzi."

"Kaka, wanakupeleka mahakamani!"

Anatafuna. Kisha: "Moto umefunikwa?"

"Moto gani tena! Si Kosmas kaumwagia maji?"

"Hakumwaga, nimemsikia akisema. Anasubiri wakubwa waje wauone. Ukiachwa mpaka kesho utakufa. Linardos, nilikwenda kuichukua ikiwa mpya. Wale watu wa zabibu wasije wakaivuta kwa kamba kama punda aliyekufa."

Hilo tu ndilo lililomtoka. Jina hapana. Lakini aliyempa amri ana viatu vinavyong'aa, nina hakika. Hakika ya tumbo, si ya macho.

Halafu nikapata akili! Kama moto utaendelea kulala vizuri wakati Anargyros kafungiwa, basi mlazaji si Anargyros! Watamwachia. Mchana, Kosmas yuko kwenye ibada, mlinzi wa chini ni Nikolis, na Nikolis kwa pakiti ya sigara hata mama yake hamwoni. Nikaingia. Nikaulaza moto. Kwa mkono wangu, umesawazishwa kama kitanda cha bibi harusi, ili mtu yeyote mwenye macho aone mkono ni mwingine.

Nikatoka napiga mluzi. Linardos, wewe ungekuwa waziri!

Jumatatu, 26 Septemba

Waziri wa punda.

Kosmas kafungua boila mbele ya kapteni, moto unasinzia vizuri, mwekundu chini ya blanketi. Nikasubiri aseme, kumbe si Anargyros, mfungulieni. Akasema: "Si niliwaambia? Wako wawili."

Anargyros hakutolewa. Boila limewekewa mlinzi mwenye bunduki, moto umeachwa kama ushahidi. Na Kosmas leo kacheka. Kanipita ngazini, kacheka na meno yote. Nikashika reli ya ngazi kwa mikono miwili.

Nikolis hajanitaja bado. Sigara za Nikolis zitakwisha kesho kutwa.

Jumanne, 27 Septemba

Siku ndefu, na bado ni alasiri tu. Naandika haraka.

Asubuhi Marius kaja. Kapiga kelele kutoka kwenye mashua: "Linardos! Lete vyote ulivyonavyo leo, kesho sinunui!"

"Kwa nini? Umefilisika?"

"Kesho mimi mwenyewe niko huko juu! Nitaokota bure!"

"Si ulisema tarehe kumi na moja Oktoba?"

"Ndiyo. Kesho."

Kesho! Kumi na moja Oktoba ya kwao, Wafaransa, walio mbele yetu! Kalenda yao imetutangulia karibu wiki mbili, mtoto yeyote wa Piraeus anajua, kila barua ya benki ina tarehe mbili. Na mimi ninayekula kwa Wafaransa nimesahau, kwa sababu kaisema kwa Kigiriki nikadhani kaihesabu kwa Kigiriki. Kesho wanapanda. Wanachukua manowari zote za mbio, wanatushusha. Na kaka Anargyros wanamshusha leo jioni, sio kesho, maana Kosmas naye kanusa kitu. Mashua ya kumchukua imeshaagizwa.

Nikashuka kulala kidogo, kichwa kiache kulia. Nikachomoa daftari hili godoroni. Nimekuta nini katikati ya ukurasa wa jana na wa juzi? Nyuzi za tumbaku. Ndefu, za njano, laini. Tumbaku ya Xanthi. Kwenye meli hii tumbaku ya Xanthi namwagizia mtu mmoja tu, na huwa namletea mwenyewe kwenye kibati.

Karibu, Luteni Mavrikis. Kaa. Samahani godoro linanuka.

Kwanza nilitaka kuchana kila kitu. Halafu nikafikiri: kama ungekuwa mtu wa Kosmas, baada ya kusoma Jumapili ningekuwa kwenye minyororo pamoja na kaka. Niko huru. Kwa hiyo unasoma kwa faida yako. Ulitaka kujua najua nini. Sasa unajua kwamba najua. Viatu vyako vinang'aa mno, afande.

Nakuona hivi. Ulikuwa unangoja usiku usio na mwezi, wiki ijayo, maana ulisoma hapa "kumi na moja Oktoba" ukatulia kama nilivyotulia mimi. Wewe umesoma shule kubwa, ningetegemea ungeshtuka. Lakini hata wewe ulihesabu kwa kalenda ya nyumbani. Basi hiyo ya kesho nakupa bure, kama kipande cha kuonja.

Unapotaka kuipeleka Sfika siulizi. Kaskazini kwa Mkreta, au katikati ya ghuba uitoboe chini Wafaransa wasiipate. Sikuamini kwa lolote kati ya hayo mawili. Ulimwacha mtu apigwe kofi kwa ajili yako, ukaulizia boila. Lakini mtu wako wa moto yuko kwenye chumba cha minyororo, na wachochea wengine wote wanakula mkononi mwa Kosmas. Mwenye mkono uliobaki ni mimi.

Kwa hiyo sikiliza biashara.

Mimi nakupa mvuke. Moto wa juzi bado uko hai, leo nimepita nikasikia chuma kinalia, saa moja inatosha. Mlinzi mwenye bunduki utamwondoa wewe, nyota za begani ni za kazi hiyo. Watu wa zabibu niachie mimi, nina gunia zima la makombora ya Waturuki na konyagi ya Marius mwenyewe, watakuwa kwenye mashua yangu wakichagua.

Wewe unamtoa Anargyros. Sio kesho, sio tukishafika. Kabla mashua ya Kosmas haijagusa ubavu wa meli. Useme mbele ya kapteni kwamba ulimtuma wewe. Ukiogopa, useme unamhamishia kazini kwako, sema lolote, una elimu. Lakini atoke.

Cheti changu kilikuwa kwenye bei. Nimekipiga piga hesabu hapa, kila nikikiweka, upande wa kaka unapanda juu kama mizani mbovu. Nimekitoa. Marouso nitamwandikia, sijui nitaanzaje. Muuza samaki ana bahati na meno yake manne.

Daftari nakuachia palepale godoroni. Ukikubali, usiandike kitu, usinikonyeze. Mimi niko sitahani karibu na nanga, nasugua shaba. Nataka nimwone Anargyros kasimama juu, kwenye jua, ananyoosha miguu, kwa macho yangu haya. Nikimwona, nashuka nashika koleo.

Yeye kwanza, mvuke baadaye. Sikopeshi.